Pange Asiye wa Kawaida: Picha ya Uso, ya Mgongo au ya Bawa, Ipi Itakupa Jina Lake?

Mtu akikutana na pange ambaye hajawahi kumwona, mkono hukimbilia simu, na picha ya kwanza huwa ya mgongo. Ndiyo iliyo rahisi. Mdudu ametua, mabawa yako wazi, rangi zote zinaonekana kutoka juu. Picha hiyo hupendeza sana, lakini nikiambiwa nichague picha moja tu ya kumtambulia pange mgeni, ya mgongo ningeiacha na kuchukua ya uso, tena uso ulioelekea lenzi moja kwa moja. Hapa nazilinganisha picha hizo, na baadaye njia nne za kutafuta jina: programu ya simu, ufunguo wa utambuzi (maswali ya kuchagua yanayokuongoza hatua kwa hatua hadi jina), mtaalamu, na mdudu mwenyewe akiwa amechomwa pini, yaani kielelezo.

Pange (wengine humwita kipanga, jina analoshirikiana na ndege) ni nzi wa familia ya Tabanidae. Zaidi ya spishi 4,000 zimeshapewa majina duniani. Jike ndiye anayeuma, kwa kuwa anahitaji damu ili mayai yake yakomae. Dume hunywa maji matamu ya maua na hana haja ya ngozi ya mtu wala ya ng'ombe. Tofauti hiyo ya jike na dume itatusumbua tena mbele, maana wageni wengi wanaoletwa kwa mshangao ni madume tu ya spishi za kawaida.

Kwanza, ni pange kweli?

Kabla ya kulinganisha pange na pange, mlinganishe na nzi wengine. Nimeona picha nyingi za "pange wa ajabu" ambao hawakuwa pange kabisa, na saa nzima ya kutafuta spishi ikapotea bure.

Alama ninayoiamini kuliko zote iko kwenye bawa. Karibu na ncha, mshipa mmoja hugawanyika kuwa panda, kama herufi Y iliyolala. Mkono mmoja wa panda hufika ukingoni kabla ya ncha ya bawa, mwingine baada yake, hivyo ncha yenyewe hukaa katikati ya mikono hiyo miwili. Katikati ya bawa kuna chumba kirefu chenye pembe sita, kilichozungukwa na mishipa pande zote. Ongeza vipapasio vinavyoelekea mbele, vinene, vyenye vipete mwishoni na visivyo na unywele wa pembeni. Ongeza na vigamba viwili vikubwa vyeupe au vya kahawia pale bawa linaposhikana na mwili. Ukiviona vyote, una pange mkononi.

Mbung'o huchanganywa naye kwa sababu wote wawili hunyonya damu. Mtazame mbung'o akiwa ametulia: bawa moja hulalia jingine kabisa, kama makali ya mkasi uliofungwa. Pange hafanyi hivyo. Kipapasio cha mbung'o kina unywele wenye matawi, na katikati ya bawa lake kuna chumba chenye umbo la shoka. Nzi mdogo anayeuma miguu ya mifugo, wa jenasi ya Stomoxys (jenasi ni kundi la spishi za karibu, nalo ndilo neno la kwanza la jina la kisayansi), ana ukubwa wa nzi wa nyumbani, na mdomo wake umechomoza mbele kama sindano nyeusi. Nzi wa familia ya Syrphidae, wale wanaosimama hewani mbele ya maua wakiwa wamevaa rangi za nyigu, hawaumi kamwe. Kwenye bawa lao kuna mstari wa ziada unaofanana na mshipa lakini haujaungana na mishipa mingine.

Wagumu zaidi ni wale wenye mdomo mrefu. Hao nitawarudia.

Picha ya mgongo

Picha hii ina mambo matatu mazuri: ukubwa, namna mabawa yalivyokaa, na michoro ya tumbo. Namna mabawa yanavyokaa peke yake huweza kukupa jenasi bila kutazama kitu kingine. Haematopota huyalaza kama paa la nyumba juu ya tumbo. Chrysops huyatanua pembeni, mwili mzima ukaonekana kama pembetatu. Tabanus yuko kati ya hao wawili.

Michoro ya tumbo nayo ina kazi yake. Chukua pange wawili wakubwa wa Ulaya, Tabanus bovinus na Tabanus sudeticus. Wote wana safu ya pembetatu nyeupe katikati ya tumbo. Kwa bovinus, pembetatu hizo ni ndefu na ncha zake hufika kwenye ukingo wa mbele wa kila pingili. Kwa sudeticus ni fupi na huishia njiani. Picha nzuri ya mgongo inakuonyesha hilo. Lakini hata hapa mashaka huondolewa na jicho: bovinus akiwa hai ana macho ya kijani, sudeticus ana macho ya kahawia iliyokolea, karibu nyeusi.

Kasoro kubwa ya mgongo ni kwamba unachakaa. Rangi nyingi za pange haziko kwenye gamba lenyewe. Ziko kwenye unga mwembamba na vinyweleo vilivyolala juu ya gamba. Jike aliyeishi wiki kadhaa, akapita vichakani na kupigwa mikia ya ng'ombe, hupoteza unga huo. Pembetatu hufifia, mistari ya kifuani hutoweka, na anabaki mweusi anayeng'aa. Ukimpiga picha siku hiyo, unadhani umepata spishi mpya nyeusi. Kinyume chake, aliyetoka kwenye pupa (ganda ambamo buu hugeuka nzi) saa chache zilizopita ni laini na hafifu, rangi bado hazijakolea, mabawa yana ukungu wa maziwa. Naye huonekana mgeni. Mgongo hauwatofautishi hao wawili na spishi ya kweli iliyo adimu.

Picha ya uso

Hapa ndipo ninapotaka utumie muda wako.

Anza na macho. Yakikutana juu ya kichwa bila nafasi, ni dume. Yakiachana, na katikati pakawa na ukanda, ni jike. Sekunde moja, na tayari umeepuka kosa kubwa kuliko yote, kwa sababu funguo nyingi za utambuzi zimeandikwa kwa majike na ukimpitisha dume humo utatokea pasipo njia. Kwa madume mengi, vijicho vidogovidogo vinavyounda jicho ni vikubwa upande wa juu na vidogo upande wa chini, na mpaka kati ya sehemu hizo huonekana wazi kama mstari.

Kisha utazame ukanda wenyewe, yaani paji la uso la jike. Wataalamu hupima urefu wake wakiugawa kwa upana wa chini. Paji linaweza kuwa pana na fupi kama mraba, au jembamba sana, urefu mara tano au sita ya upana. Linaweza kuwa na pande zilizo sambamba au likapanuka kuelekea juu. Ndani ya ukanda huo kuna sehemu isiyo na unga, ngumu, inayong'aa. Naiita sugu, maana ndivyo ilivyo. Umbo la sugu ni kama sahihi ya spishi: la mraba linalogusa macho pande zote mbili, la mviringo lisiloyagusa, lenye mkia mwembamba unaopanda juu, au mawili yaliyotengana. Kwa Haematopota, sugu ni pana kama ukanda uliolazwa kutoka jicho hadi jicho, na juu yake kuna madoa meusi mawili kama ya mahameli. Sugu halichakai kama unga. Jike mzee aliyepauka mgongo mzima bado analo, vilevile lilivyokuwa siku ya kwanza.

Ndiyo maana nasisitiza uso ulioelekea lenzi moja kwa moja. Ukipiga kutoka juu kidogo, paji linafupika pichani. Ukipiga kutoka pembeni, linakuwa jembamba. Uwiano wa tano kwa moja unageuka tatu kwa moja, na spishi inabadilika kwenye karatasi ilhali mdudu ni yuleyule. Picha iliyoinama ina hatari kuliko kukosa picha, kwa kuwa inakupa namba na unaiamini.

Rangi za macho ni utajiri mwingine. Haematopota wengi wana mistari iliyopindapinda kama mawimbi. Chrysops ana macho ya kijani na dhahabu yenye madoa ya zambarau. Jina lake la Kigiriki lenyewe linamaanisha jicho la dhahabu. Hybomitra kwa kawaida ana mikanda mitatu myekundu juu ya kijani, na ukikuza picha utaona macho yana vinyweleo. Atylotus ana macho mepesi, ya kijani kilichopauka au manjano, mara nyingi yenye mstari mmoja mwembamba au bila mstari wowote. Rangi hizo hazitokani na wino. Zinatokana na tabaka nyembamba za lenzi zinazorudisha mwanga. Kwa hiyo hubadilika unapozunguka, na mdudu akifa na kukauka hufifia hadi jicho likawa la kahawia tupu. Kwa spishi nyingi, ukililowesha jicho lililokauka, mistari hurejea kwa muda. Hata hivyo picha ya mdudu aliye hai haina mbadala. Katika jambo hili moja picha inashinda kielelezo cha makumbushoni, na nasema hivyo kwa furaha, kwa sababu mara nyingi picha hudharauliwa.

Picha ya ubavu na picha ya bawa

Ubavu una mambo mawili ambayo uso huyaficha. La kwanza ni umbo la kipapasio. Kipapasio cha pange kina pingili tatu, na ya tatu ndiyo kubwa. Imegawanyika kuwa bamba la nyuma na vipete vya mbele. Tabanus ana jino juu ya bamba hilo, wakati mwingine kubwa kama ndoana, na vipete vinne. Haematopota hana jino, na vipete vyake ni vitatu. Pingili yake ya kwanza mara nyingi imevimba. Chrysops ana kipapasio kirefu chembamba, na pingili zake mbili za kwanza ni ndefu tofauti na za wenzake. Kundi la Pangoniinae, ambamo Philoliche yumo, lina pingili ya tatu iliyogawanyika kuwa vipete vingi, hadi vinane, vinavyopungua polepole kuelekea ncha.

La pili ni mdomo: mfupi unaoning'inia, au mrefu uliochomoza mbele.

Bawa halina mambo mengi, isipokuwa kwa makundi mawili ambayo lenyewe ndilo kila kitu. Bawa la Haematopota ni la kijivu lililojaa maua madogo meupe na mistari iliyovunjika. Bawa la Chrysops lina mkanda mweusi unaolikata katikati, na mara nyingi doa kwenye ncha. Kwa Tabanus bawa huwa wazi, ingawa wapo wenye mabawa ya moshi au yenye mawingu. Kama umemkuta amekaa kwenye kioo, zunguka upande wa pili na umpige tumbo na miguu pia: mwishoni mwa muundi wa nyuma, Chrysops na Philoliche wana miiba miwili midogo ambayo Tabanus na Haematopota hawana. Ni alama ndogo sana, lakini wagawaji wa familia hii waliijengea mipaka yao mikubwa.

Niwaweke hao wanne pamoja:

| Kinachotazamwa | Tabanus | Haematopota | Chrysops | Philoliche |
|---|---|---|---|---|
| Urefu wa mwili | mm 10 hadi 25, wengine zaidi | karibu mm 8 hadi 12 | karibu mm 7 hadi 11 | wa kati hadi mkubwa |
| Mabawa akitua | yametanuka kiasi | kama paa la nyumba | yametanuka kama pembetatu | yametanuka pembeni |
| Rangi ya bawa | wazi mara nyingi | kijivu chenye maua meupe | mkanda mweusi katikati | wazi au la moshi |
| Kipapasio | kifupi, kina jino, vipete 4 | hakina jino, vipete 3 | kirefu na chembamba | kifupi, vipete vingi |
| Mdomo | mfupi, unaning'inia | mfupi | mfupi | mrefu, umeelekea mbele |
| Miiba ya muundi wa nyuma | hakuna | hakuna | ipo | ipo |

Jedwali hili halitoshi kwa familia nzima, na halikukusudiwa litoshe. Kazi yake ni kukufikisha mlangoni. Ukiona mdudu wako hakai kwenye safu yoyote, hapo ndipo ana haki ya kuitwa asiye wa kawaida.

Yule mwenye mdomo mrefu

Picha iliyonifundisha mengi kuliko zote ilikuwa ya nzi mnene mwenye manyoya ya kahawia-dhahabu na mrija mrefu mbele ya uso, mrefu kuliko kichwa mara kadhaa. Nilikuwa na picha tatu: mgongo, ubavu, na bawa moja lililoonekana vizuri kwa bahati. Programu ilisema ni nzi wa familia ya Bombyliidae, wale wanaofanana na nyuki. Kwa mtazamo wa haraka mtu yeyote angekubali. Mimi nilikubali, kwa siku mbili.

Kuna familia tatu zinazogombania umbo hilo. Bombyliidae wana mwili wa manyoya mepesi kama pamba, miguu myembamba kama uzi, na husimama hewani mbele ya ua. Nemestrinidae wana mishipa ya bawa inayokimbia kwa mshazari na kukaribiana kuelekea ncha, hata bawa likaonekana kama limefumwa; mmoja wao wa Afrika Kusini, Moegistorhynchus longirostris, ana mrija unaoweza kufika sentimita 8, kwenye mwili mdogo mara kadhaa kuliko mrija wenyewe. Na kuna Philoliche, pange halisi, ambaye hutumia mrija huo kwenye maua marefu, huku majike wa spishi nyingi wakinyonya damu pia.

Mgongo haukuamua. Manyoya hayakuamua. Urefu wa mrija, ulionivutia kuliko kitu kingine chochote, haukuamua hata kidogo, kwa sababu familia zote tatu wanao. Kilichoamua ni ile panda ya Y kwenye ncha ya bawa, pamoja na vipete vya kipapasio nilivyoweza kuvihesabu kwa shida kwenye picha ya ubavu. Alikuwa pange. Tangu siku hiyo nimekuwa na shaka na kila alama inayong'ang'ania jicho kwanza. Maua hulazimisha midomo ya nzi wa koo mbalimbali ifanane. Mishipa ya bawa haina haja ya kufanana, hivyo hubaki na asili yake.

Njia nne za kupata jina

Programu ya simu ina kasi, haichoki, na kwa spishi zilizokwisha kupigwa picha maelfu inafanya kazi nzuri sana. Ukiipa picha ya Chrysops wa kawaida, mara nyingi itapata jenasi, na mara nyingine spishi. Lakini fikiria namna ilivyofundishwa: kwa picha zilizokwishatambuliwa. Spishi adimu haina picha hizo, kwa hiyo programu haiwezi kuitaja hata ingekuwa mbele ya lenzi. Itataja ndugu yake aliye maarufu zaidi. Yaani udhaifu wake uko palepale unapoihitaji zaidi. Itumie kujua familia, labda jenasi, na usikubali jina la pili bila ushahidi mwingine. Usiipe picha ya mgongo peke yake. Jaribu ya uso na ya bawa, ukaone kama inajibu jina lilelile. Majibu matatu tofauti kwa mdudu mmoja ni taarifa muhimu.

Ufunguo wa utambuzi ni wa polepole na unahitaji msamiati wake, ila ndio pekee unaokuonyesha sababu. Kwa pange wa Afrika kusini mwa Sahara, kazi kubwa ni ya Harold Oldroyd wa makumbusho ya London, juzuu tatu zilizotoka kati ya 1952 na 1957. Ya kwanza imejaa Haematopota, na hilo linakupa picha ya wingi wao. Kwa Ulaya ipo kazi ya Chvála, Lyneborg na Moucha ya 1972. Ni kazi za zamani, baadhi ya majina yamebadilika tangu hapo, lakini paji na sugu havijabadilika. Funguo hizi ziliandikwa kwa mtu mwenye mdudu chini ya hadubini. Ukiwa na picha tu, utafika kwenye swali ambalo picha yako haikulijibu. Hapo simama. Usibahatishe tawi moja na kuendelea, kwa sababu kila hatua baada ya hapo inasimama juu ya bahati yako.

Mtaalamu huona kwa mkupuo kile ambacho wewe unakihesabu. Wataalamu wa pange ni wachache, kwa hiyo heshimu muda wao: mtumie picha nne badala ya ishirini, kila moja ikiwa na sababu, pamoja na tarehe, mahali, mwinuko, na mazingira: kinamasi, msitu, kando ya mto, kwenye mnyama gani. Tarehe na mahali huweza kukata nusu ya orodha kabla hata hajafungua picha, maana spishi nyingi huruka kwa majuma machache tu ya mwaka. Weka pia kitu cha kupimia ukubwa. Picha ya karibu humfanya mdudu wa mm 9 aonekane sawa na wa mm 24, na nimeona mabishano marefu yakimalizwa na rula moja.

Njia ya nne, kielelezo, wengi hawaipendi kwa sababu mdudu anakufa. Naelewa, na kwa spishi ya kawaida sioni sababu ya kufanya hivyo. Lakini kwa mgeni wa kweli, picha ina mwisho wake. Madume ya spishi za karibu hutofautishwa kwa viungo vya uzazi vinavyotakiwa kupasuliwa. Vinasaba huhitaji kipande cha mwili, mguu mmoja unatosha. Kipande cha jeni ya COI chenye herufi 658 husomwa na kulinganishwa na hazina iliyopo, ingawa kwa spishi zilizotengana juzijuzi hata hicho huweza kushindwa. Tena kielelezo kinasubiri. Pange mmoja wa Queensland, Australia, mwenye tumbo la dhahabu inayong'aa, alikamatwa 1981 na kukaa kwenye mkusanyiko miongo mitatu kabla mtafiti Bryan Lessard na mwenzake hawajampa jina la spishi, beyonceae, kwa heshima ya mwimbaji Beyoncé. Dhahabu ile ilikuwa mbele ya macho ya watu miaka yote hiyo. Alipotambuliwa, alitambuliwa kwa sababu alikuwapo, na unyweleo wake, kipapasio chake na paji lake viliweza kutazamwa tena na mtu mwingine.

Kwa hiyo ushauri wangu kwa mwenye simu na mdudu mmoja: programu kwa jenasi, ufunguo hadi swali la kwanza usiloweza kulijibu, kisha mtaalamu. Kielelezo ni pale mtaalamu mwenyewe anapokuomba, na sheria za mahali hapo zinaporuhusu.

Jina moja au mawili?

Uamuzi wa mwisho ni huu, na ndio wengi hukosea: uandike spishi, au uishie jenasi? Kuna shinikizo la kuandika majina mawili, kwa sababu jina moja linaonekana kama kazi isiyokamilika. Linganisha madhara. Ukiandika "Tabanus" tu na kweli ni Tabanus, rekodi yako ni sahihi milele, na mtu anaweza kuikamilisha baadaye. Ukiandika spishi isiyo yenyewe, kosa linaingia kwenye ramani, kisha kwenye programu zinazojifunza kwa picha hizo, kisha linarudi kwa mtu mwingine kama pendekezo. Hili si jambo dogo kwa wadudu hawa. Chrysops silaceus na Chrysops dimidiata wa misitu ya Afrika Magharibi na Kati hueneza mnyoo wa Loa loa, yule anayeonekana akipita kwenye jicho la mtu. Pange wengine hubeba vimelea vya surra kwa midomo yao kutoka ngamia hadi ngamia na farasi hadi farasi. Anayefuatilia magonjwa hayo anahitaji kujua nani yuko wapi, na jina la kubahatisha humpotosha kuliko ukimya.

Kigezo changu ni rahisi kukitaja ingawa ni kigumu kukishika: naandika spishi kama naweza kuonyesha kwa kidole, pichani, alama mbili zisizotegemea rangi ya mgongo. Sugu na kipapasio. Paji na bawa. Nikiwa na moja tu, naishia jenasi. Nikiwa na mgongo pekee, nyakati nyingine naishia familia, hata kama moyo unanong'ona jina.

Ukiwa na pange mbele yako sasa hivi, una sekunde chache, pengine kumi, kabla hajaruka. Piga mgongo mmoja ukiwa mbali, ili usitoke mikono mitupu. Kisha shuka hadi usawa wake, msogelee polepole kutoka mbele, bila kumtupia kivuli, na upige uso mara nyingi mfululizo; moja kati ya kumi itakuwa imenyooka. Akibaki, nenda ubavuni. Pange hupenda kutua kwenye vitu vyeusi vinavyong'aa, kwa kuwa mwanga unaorudi kutoka humo unafanana na wa majini, hivyo gari jeusi lililoegeshwa juani ni studio bora kuliko mgongo wa ng'ombe anayepunga mkia.

Yule wangu wa mrija mrefu ameandikwa Philoliche, na jina la pili limeachwa wazi. Alikuwa jike, hilo naweza kulisema, kwa sababu kwenye picha ya mgongo macho yake yameachana. Paji lake sikulipiga.